Punda wa Kuchemshwa

Jumapili, 3 Desemba 1950. Dodoma mjini

Daftari hili nililinunua la kuandikia vipimo vya mashati. Leo naandika hasira, vipimo vitangoja.

Emilia wangu amelazwa tangu Jumanne. Ana miaka sita. Mfupa wa nyonga ya kushoto umeingiwa na ugonjwa, na dawa yake, anasema daktari, ni sindano na kulala. Si kulala usingizi. Ni kulala chali bila kujitikisa, plasta imemshika kutoka kiunoni hadi kifundo cha mguu, mpaka mvua ziishe. Miezi mitano! Mtoto huyu hata ugali hula akizunguka nyumba.

Kumwona ni Jumapili peke yake, saa nane hadi saa kumi. Nilikwenda na kikapu. Mlangoni pa wodi pana ubao: VITU VYA NYUMBANI HAVIINGII. Chini ya ubao amesimama Methusela, mtumishi wa wodi, ambaye tulifundishwa katekisimu pamoja. Akapitisha mkono kikapuni, akatoa karanga, akatoa kanga ya kujifunika, akatoa hata kibuyu cha mtoto cha kunywea maziwa.

"Dada Lydia, mimi sina neno na wewe. Ni amri ya Sista."

Sista ni Mwingereza mrefu, mwembamba, asiyecheka. Kila kinachoingia wodini mwake lazima kipite kwenye pipa lake la maji yanayotokota kule uani: vijiko, mashuka, bendeji, nguo za wagonjwa. Wamempa jina Bibi Chemsha. Mzee mmoja wa wodi ya pili anasema huvua kofia na kuilalia kila akisikia viatu vya Sista, maana kofia ikichemshwa haimtoshi tena.

Emilia hakuniulizia habari za nyumbani. Alimuulizia Karani. Karani ni punda wa mama mkwe wangu, Dorkasi, kule Chamwino. Aliitwa hivyo kwa sababu hutembea ameinamisha kichwa kama anayesoma barua. Emilia akiwa kwa bibi yake humpanda kwenda kisimani, na mchana punda akijilaza kivulini yeye huweka kichwa juu ya tumbo lake na kulala. "Mama, hapa hakuna tumbo," aliniambia. Ni kweli. Watoto wa wodi ile hawapewi hata mto.

Haya. Tutaona.

Jumatatu, 4 Desemba

Matundu ya vifungo, mashati kumi na mawili. Mawingu yamekuja, yamerudi.

Alhamisi, 7 Desemba

Nimemweleza Fundi Almas. Yeye ndiye mwenye cherehani barazani pa duka la Vithaldas, nami nimekaa mkekani kando yake mwaka wa nne sasa nikimshonea pindo na matundu ya vifungo kwa mkono. Ni mtu wa Busi, Kondoa, mswalihina, mwepesi wa maneno.

"Mto wenye umbo la punda," akarudia. "Mama Emilia, shukrani ya punda ni mateke, na wewe unamshonea."

"Kata tu, Fundi."

Akakata, kwanza kwenye gazeti, kisha kwenye kitambaa cha marekani: ubavu mara mbili, tumbo, miguu minne mifupi, masikio. Mkasi wake haujui kukosea. Alipofika usoni akauweka chini. "Macho utatia mwenyewe. Mimi sitaki kuulizwa kesho akhera nimpulizie roho punda."

Kujaza nimejaza makapi ya uwele. Mama mkwe aliwalea watoto wake wote juu ya mfuko wa makapi ya uwele, akiwemo mume wangu Filipo, na hakuna aliyekua na kichwa kibaya. Hayashiki joto, na yanafuata umbo la shingo. Niliyapepeta mara tatu.

Jumapili, 10 Desemba

Nimempitisha! Nilimfunga mgongoni kwa kanga, nikamfunika vizuri, nikatembea kwa kuyumbayumba kama mama anayebembeleza. Methusela akanyoosha shingo.

"Mtoto wa nani huyo, dada?"

"Wa jirani. Amelala, usimwamshe."

Emilia alimkumbatia hadi makapi yakalia ndani. Akaweka shavu juu ya tumbo, akavuta pumzi, na kwa saa nzima hakujitikisa hata kidogo. Mimi nilikuwa nikizihesabu pumzi zake kwa furaha. Nimevunja amri na sijutii hata chembe.

Jumatano, 13 Desemba

Mvua ya kwanza. Barabara yote ya soko imenuka vumbi lililolowa.

Jumapili, 17 Desemba

Methusela alinipokea akiwa amebana midomo, nikajua kuna jambo.

Jumatano ile ile Bibi Chemsha alimkuta punda kwapani mwa Emilia. Hakugomba. Alimshika kwa ncha ya sikio, akatoka naye uani, akamtumbukiza katika pipa. Sasa makapi ya uwele, uyapepete utakavyo, unga wake haukosekani. Maji ya moto yakaingia, punda akavimba, mshono wa tumbo ukaachia, na pipa zima likawa uji. Harufu ikafika wodi ya wanaume, wakaanza kugonga vikombe wakidhani chakula kimewahi. Methusela ndiye aliyetumwa kulisafisha pipa.

"Punda wako nilimtoa kwa upawa, dada," akasema, na hapo akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika ukuta.

Mimi sikucheka. Bibi Chemsha akapita na faili lake, akanitazama kutoka juu. "Hapana leta chakula kitandani," akasema. Chakula! Nikataka kumwambia ni punda, lakini aliyebaki wa kumwonyesha ni nani?

Emilia amenuna. Hakunipa mkono. Nilipofika nyumbani nilicheka peke yangu juu ya ule upawa, halafu nikalia kwa sababu ya ule mkono.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Kanisani, mvua, nyumbani. Hospitali imefungwa kwa wageni.

Jumapili, 7 Januari 1951

Plasta imepasuka. Emilia anajipinda usiku kucha, anatafuta pa kuweka kichwa, na Ijumaa plasta ikaachia kiunoni. Wamemtia nyingine. Sasa wamemfunga kifua kwa kitambaa kwenye chuma cha kitanda. Nilimkuta hivyo, anatazama dari, nami nikatoka nje kwanza nikashika nguzo ya varanda ndipo nikarudi.

Daktari alinieleza kwa upole, na upole wake uliniogopesha kuliko kelele. Mfupa unapona kwa kutulia tu. Ukichezwachezwa unapona vibaya, au hauponi. Plasta mbili wanaweza kuvumilia. Akipasua na hii ya pili watamrudisha nyumbani, kitanda apewe mtoto anayeweza kulala, maana wanaongoja ni wengi. Na akirudi hivyo hatatembea tena.

Kwa hiyo ni punda au mguu. Hawa watu wanadhani nacheza na midoli.

Alhamisi, 11 Januari

Punda wa pili. Safari hii hakuna nafaka. Fundi Almas amenipa sufi aliyoitoa kwenye godoro lake mwenyewe, na nilipotaka kumshukuru akanikemea nitazame sindano yangu. Emilia alilalamika kwamba yule wa kwanza alikuwa mweupe "kama mbuzi wa mchungaji," basi marekani nimeitia rangi nyeusi ya unga, kidogo kidogo, ikatoka kijivu barabara. Rangi ya Karani kabisa.

Jumapili, 14 Januari

Leo sikumficha. Nilimbeba mikononi, masikio juu, nikaenda moja kwa moja kwa Bibi Chemsha. "Shikamoo, Bibi Sista. Huyu hana chakula ndani. Chemsha."

Akamgeuza, akamminya, akatazama mishono yangu. Mishono yangu itazamwe na yeyote, sina hofu. "Nitachemsha," akasema. "Kesho, na mashuka."

Nilirudi nikiimba njia nzima, wenye maduka wakanitazama.

Jumapili, 21 Januari

Sijui nianzie wapi. Mashuka kumi na manne yametoka kijivu. Na kanzu mbili za Sista. Na kofia yake.

Rangi ilitoka yote. Punda mwenyewe alirudi kuwa mweupe, na sufi ndani imejikusanya mabonge kama matumbo ya kuku. Methusela safari hii hakucheka, maana yeye ndiye aliyekoroga pipa. Bibi Chemsha alinisubiri chini ya ubao akiwa amevaa kofia ya kijivu, akasema maneno manne: "Jumapili nne. Hapana kuja." Mbele ya watu wote, nami nimebeba kikapu kama mjinga.

Fundi Almas amesikiliza kisa chote bila kuinua macho. Mwishoni akauliza jambo moja tu. "Ulitia chumvi kwenye rangi?"

Sikutia. Miaka minne nakaa kando ya fundi, nimemwona akitia chumvi kwenye rangi kila mara ili ishike, na siku yangu mwenyewe nilisahau kwa haraka. Hilo naliandika hapa ili nisije kusema kosa lote lilikuwa la Mzungu.

Jumapili, 28 Januari

Nilisimama nje ya uzio. Dirisha la wodi liko juu mno. Mvua imeninyea.

Jumapili, 4 Februari

Uzio. Mvua. Methusela alitoka mara moja akanipungia mkono, akarudi ndani.

Jumamosi, 10 Februari

Siku ndefu hii, na lazima niiandike yote.

Mama mkwe amefika asubuhi kutoka Chamwino, kwa miguu, na Karani mwenyewe akiwa na matandiko mgongoni. Nikamsalimia, akaitikia nusu. Nilipoona yale matandiko nikajua amekuja kufanya nini.

"Nimesikia mjukuu wangu amefungwa kwenye chuma," akasema. "Hata mbuzi hafungwi miezi mitatu. Nimekuja kumchukua. Kwetu wapo wanaojua mifupa."

"Mama, hii si mifupa ya kuteguka. Ni ugonjwa, umo ndani. Unahitaji sindano."

"Sindano atachomwa, na moyo je? Huoni mtoto anakauka?"

Naona. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba naona. Akatoa barua ya Filipo, iliyoandikwa Saranda anakofanya kazi ya reli. Mistari mitatu. *Mke wangu, salaam. Mtoto ni wa ukoo. Msikilize mama.*

Nikaisoma mara mbili. Nikaikunja. "Mama, nimekusikiliza," nikamwambia. "Na nimekataa."

Kumkatalia mama mkwe usoni! Mama yangu mzazi angekuwa hai angeniziba mdomo kwa kiganja. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka na sikuyarudisha.

Ndipo akaingia Methusela, amelowa, ametoka kazini bila ruhusa. Plasta imepata ufa tena, juu ya paja. Haijaachia. Daktari ameuziba na kusema huu ni wa mwisho. "Analia anamtaka punda, dada. Usiku wote punda, punda. Mimi nimechoka kusikia."

Mama mkwe akageuka. "Punda gani?"

Nikamweleza. Makapi, pipa, uji, rangi, mashuka, kofia ya kijivu. Alisikiliza uso umekauka mpaka nilipofika kwenye upawa, pale shavu lake likacheza. Halafu akavuta shuka yake vizuri mabegani.

"Makapi ya uwele kwenye maji ya moto," akasema. "Mwanangu, wewe ni Mgogo au ni mtu wa pwani? Uji hukuwahi kuupika?"

Nikamuuliza Methusela yale mashuka yako wapi. Kumbe yako stoo, yanangoja kuchanwa yawe matambara ya kupigia deki. Yamechemshwa tena na tena, rangi haitoki. Imeshika. Bibi Chemsha ametia soda, ametia chumvi, ametia kila alichonacho, na rangi ndiyo kwanza imekazana.

Nimelala na neno hilo kichwani. Imeshika.

Jumatatu, 12 Februari

Siku zangu za adhabu hazijaisha, lakini nimekwenda. Nilimkuta Bibi Chemsha varandani anaandika.

"Nimekuomba radhi kwa mashuka?" nikamuuliza.

"Bado."

"Basi nisamehe kwa mashuka. Kwa punda sikuombi radhi. Nipe shuka moja la kijivu nimshone upya. Limechemshwa mara ngapi?"

"Saba," akasema, na akakunja uso kwa kuzikumbuka.

"Kitambaa chako, maji yako, na ndani nitajaza vipande vya kitambaa hicho hicho. Hakuna cha nyumbani hata uzi mmoja."

Akaweka kalamu chini. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akaniuliza kama najua papasi. Nani Ugogo hajui papasi? Anakaa kwenye nyufa za ukuta na kwenye matandiko, akikuuma unapata homa inayokwenda na kurudi. Akaniambia, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, kwamba mwaka juzi mama mmoja alileta blanketi zuri kwa ajili ya mwanawe. Papasi walikuwa kwenye pindo. Watoto wanne walizikwa. Akanionyesha kwa vidole, vinne, halafu akavitazama vidole vyenyewe.

Kwa miezi miwili na nusu nimemwita majina, na alikuwa anachemsha makaburi. Lakini sikurudi nyuma, maana na mimi nina mmoja.

"Vitu vya hospitali haviendi nje," akasema.

"Basi nitashonea hapa hapa."

"Na sindano?"

"Chemsha."

"Na mkasi?"

"Chemsha, Bibi Sista. Ukitaka nichemshe na mimi."

Hakucheka. Ila mdomo ulipinda upande mmoja.

Jumanne, 13 Februari

Nimekaa varanda ya nyuma, karibu na pipa, kiti hawakunipa. Asubuhi nafanya kazi ya Fundi, mchana nakuja hapa. Mikono nanawishwa sabuni mpaka viwiko. Fundi Almas amenipa ule mchoro wa gazeti, lakini umekatazwa mlangoni kwa sababu ni wa nyumbani. Nimekata kwa macho.

Jumatano, 14 Februari

Mama mkwe hajarudi Chamwino. Leo alikuja akakaa kando yangu bila kusalimu, Karani amefungwa nje ya uzio. Alitazama kazi muda mrefu.

"Huyu siye," akasema.

"Siye vipi, Mama?"

"Sikio la kulia la Karani fisi alilikata ncha. Na kiuno chake kimebonyea. Huyu wako ni punda wa serikali."

Nikakata ncha ya sikio, nikapinda. Nikabonyeza kiuno. Mama mkwe akachukua mapande ya shuka, akaanza kuyachana kwa meno vipande vyembamba vya kujazia, mpaka Bibi Chemsha akapiga ukelele kutoka dirishani na kumletea mkasi uliochemshwa. Mama mkwe aliupokea kwa mikono miwili na kumwambia "Mbukwa," salamu yetu ya Kigogo. Bibi Chemsha akaitikia kwa Kigogo hicho hicho. Tukatazamana. Kumbe miaka yote anatusikia!

Alhamisi, 15 Februari

Kila shuka la hospitali lina muhuri wa wino pembeni, herufi kubwa nyeusi za jina la hospitali. Ningeweza kuuficha ndani ya mshono. Nimeuweka tako la kushoto, pale mifugo inapopigwa chapa. Mtu asije akasema tena kwamba punda huyu katoka nyumbani.

Macho ni uzi mweusi wa hospitali, mishono tisa kila moja. Tumbo nimelifanya pana, la kuwekea kichwa.

Jumamosi, 17 Februari

Amechemshwa. Bibi Chemsha mwenyewe alishika mti wa kukorogea, nasi tumesimama: mimi, mama mkwe, Methusela, na wagonjwa wa wodi ya wanaume madirishani wamejaa. Alimpeleka chini, akamrudisha juu, akamgeuza. Dakika ishirini kwa saa yake ya kifuani. Nilikuwa nikitafuna pembe ya kanga.

Alipomwinua juu kwa ule mti, maji yalichuruzika meupe. Mishono yote imeshika. Rangi imeshika. Ameegemea upande mmoja kidogo, sikio bovu limelala. Mzee wa wodi ya pili akapiga makofi. Sasa ananing'inia kwenye kamba, na kwa mvua hizi sijui atakauka lini.

Jumanne, 20 Februari

Hajakauka.

Alhamisi, 22 Februari

Amekauka! Bibi Chemsha alimpeleka kitandani yeye mwenyewe. Mimi sina ruhusa hadi Jumapili, na safari hii nimetii, nikasimama mlangoni tu, mguu mmoja ndani.

Emilia alimtazama bila kumgusa. Alikagua sikio. Akaweka kidole kwenye kile kiuno kilichobonyea. Halafu akamvuta, akaweka kichwa tumboni, akafumba macho. Bibi Chemsha akafungua kile kitambaa cha kifua, akakikunja, akakitia mfukoni.

Mama mkwe ameondoka alasiri na matandiko matupu. Aliniambia atamwandikia Filipo, au atatafuta mtu wa kumwandikia. "Nitasema nilikusikiliza," akasema.

Jumapili, 4 Machi

Plasta nzima. Anamsomea Karani wake wa shuka barua za uongo.

Jumapili, 25 Machi

Pasaka. Plasta nzima. Ubaoni mlangoni pameongezwa mstari kwa mkono wa Sista: ILA ALIYECHEMSHWA. Mama wawili wameniuliza kama naweza kushona mbuzi. Mashuka ya kijivu yamebaki kumi na tatu.

Jumapili, 15 Aprili

Mvua zinakwisha. Fundi Almas anauliza habari za punda kabla ya habari za mtoto.

Jumatatu, 7 Mei

Plasta imekatwa. Mguu umekonda kama mpini wa jembe. Umefupika kwa upana wa kidole gumba, hilo daktari hakulificha, na atachechemea maisha yake yote. Lakini mfupa umeshika, na leo amesimama akishikilia kitanda, punda kwapani, jasho linamtoka, anagombana na mguu wake kwa maneno ambayo sikumfundisha.

Jumamosi, 12 Mei

Tumeruhusiwa.

Asubuhi Methusela alikuja na orodha ya kitanda. "Kikombe kimoja, sahani moja, kijiko kimoja, punda mmoja." Akakohoa. "Dada, yule ni mali ya hospitali. Ana muhuri. Vitu vya hospitali haviendi nje."

Damu ilinipanda. Kumbe mtego niliutega mwenyewe, nikaupiga na chapa! Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia Methusela yote ambayo nimeyaweka tangu Desemba, lakini Emilia alikuwa ameshachukua kanga yangu kikapuni. Akainama polepole, akamweka punda mgongoni, akamfunga kifuani fundo kubwa. Ni nani aliyemfundisha? Mimi, siku ile ya kwanza, nilipopita na mtoto wa jirani. Akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Hatua, kuchechemea, hatua.

Bibi Chemsha alikuwa chini ya ubao wake. Alitazama lile furushi. Kanga yangu ni kuukuu na fupi, haikufunika vizuri. Tako la kushoto lilikuwa nje lote, na muhuri wake.

"Hii nini?" akauliza.

"Mtoto wangu," akasema Emilia.

"Amechemshwa?"

"Ndiyo, Sista. Mara nyingi."

Bibi Chemsha akachukua orodha mikononi mwa Methusela, akaandika kitu, akairudisha. "Basi pita."

Methusela alinionyesha baadaye. Alikuwa amekata neno *punda* kwa mstari mmoja ulionyooka, na pembeni ameandika: *amepona, amekwenda nyumbani.*

Nje ya uzio mama mkwe alikuwa anangoja na Karani, matandiko tayari mgongoni. "Njoo nikupandishe, mjukuu wangu." Emilia akamsalimia, akamkumbatia Karani shingoni, akambusu lile sikio bovu. Kisha akatikisa kichwa.

"Nitatembea, Bibi. Nina mtoto."

Tukaenda hivyo mjini kati, mbele ya maduka yote, mama mkwe akivuta punda asiye na mzigo, na binti yangu mbele yetu akichechemea na wake mgongoni. Barazani pa Vithaldas cherehani ya Fundi Almas ikasimama. Watu walikuwa wakisoma muhuri na kunyoosheana vidole. Mama mkwe akanivuta mkono, "Mama Emilia, mfunike huyo punda, hospitali inaonekana."

Sikumfunika.